Namna ya Kubuni Chuo Kikuu Kidogo cha Kutisha: Mwongozo kwa Waandishi wa Hadithi wa Kanda ya Ziwa

Mwandishi anayetaka kuweka hadithi ya kutisha katika chuo kikuu cha kubuni karibu na Kisumu mara nyingi huanza na mambo aliyoyasoma kwingine: minara ya mawe, mishumaa, ukungu, maktaba yenye ngazi za siri. Msomaji wa huku hayaogopi, kwa kuwa hajawahi kupita hapo usiku akitoka kusoma. Anachokiogopa ni kadi ya mtihani inayokataliwa mlangoni, alama zisizoonekana kwenye matokeo, na mlinzi asiyemkumbuka mtu aliyempitisha langoni jioni ile ile. Ushauri wangu wote unatoka hapo: jenga kwanza chuo kinachofanya kazi, chenye ofisi, foleni na madeni yake, kisha acha jambo moja tu lisilo la kawaida lipenye kupitia karatasi zake.

Anza na historia ya majengo. Vyuo vikuu vingi vya magharibi mwa Kenya havikuzaliwa vikiwa vyuo vikuu. Maseno kilitokana na kuunganishwa kwa Chuo cha Ualimu cha Siriba na taasisi ya serikali ya mafunzo iliyokuwa jirani yake, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 1990, kisha kikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 2001. Chuo cha ualimu cha Bondo kiligeuzwa kuwa chuo kishiriki mwaka wa 2009, na mwaka wa 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Historia ya namna hii ni hazina kwa mwandishi, kwa sababu kila taasisi iliyotangulia huacha kitu nyuma: bwalo lililojengwa kwa watu wachache ambalo sasa linalisha umati, milango yenye namba za zamani zisizolingana na ratiba mpya, stoo yenye majalada ambayo hakuna ofisi inayokiri kuwa ni yake. Andika ukurasa mzima wa historia hiyo hata kama msomaji ataona mistari mitatu tu, maana jambo lako la ajabu litahitaji mahali pa kukaa, na hakuna mahali pazuri kuliko daftari la taasisi iliyokwisha kufutwa.

Kwa mfano wa mwongozo huu nimebuni Chuo Kikuu cha Got Otieno, nikakiweka kwenye vilima vilivyo kati ya Maseno na Kombewa, mahali ambapo ziwa linaonekana kwa mbali. Kina wanafunzi wasiozidi elfu moja na mia tano, na udogo huo ni muhimu: katika chuo kikubwa mgeni hafahamiki, lakini hapa kila mtu anamjua kila mtu kwa sura, hivyo sura moja ya ziada ni jambo la kushtua. Usitumie jina la chuo kilichopo, wala usikibadilishe kidogo tu kiasi cha kila mtu kukitambua. Hadithi yako itagusa kifo na uzembe wa ofisini, na si haki kuwabandika watu walio hai mambo hayo.

Chora ramani kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Weka lango, ofisi ya msajili, hosteli za wanaume na za wanawake, bwalo, zahanati, tangi la maji na vijia vya miguu ambavyo wanafunzi wamevikata wenyewe kwa sababu barabara rasmi inazunguka. Andika kando ya kila mlango ni nani mwenye ufunguo wake. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini mwandishi anayejua kwamba ufunguo wa stoo uko kwa mama mpishi hawezi kumfungulia mhusika wake mlango kwa bahati tu.

Kisha jifunze hali ya hewa ya mahali hapo, kwa sababu kanda hii ina mambo ya kweli ambayo hayahitaji kutiwa chumvi. Ikweta inapita Maseno, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na giza hufika upesi. Mwanafunzi anayeondoka maktabani kukiwa na mwanga anaweza kufika hosteli gizani. Mchana upepo wa ziwani hukutana na nyanda za juu na kuleta mvua za alasiri zenye radi, lakini usiku mvua hizo hujikusanya juu ya ziwa lenyewe, na mtu aliye kilimani huweza kutazama umeme ukimulika upeo wote bila kusikia ngurumo hata moja, kwa kuwa uko mbali mno. Wadudu wa ziwani nao hupanda kutoka majini kwa makundi makubwa, hasa siku chache baada ya mwezi kuandama, na kwa mbali huonekana kama nguzo za moshi zilizosimama juu ya maji. Yaeleze mambo haya kama yalivyo. Msomaji wa Kisumu atayatambua, na akishakuamini katika yale anayoyajua, atakufuata hadi kwenye yale uliyoyabuni.

Anayetaka kuweka chuo chake Nakuru, kwenye miteremko ya Menengai, ana utajiri wake pia: shimo kubwa la volkeno lenye upana wa kilomita kadhaa, mvuke unaotoka ardhini, mitambo ya kuchimba nishati ya mvuke, na masimulizi ya Wamaasai kuhusu vita vya kale vilivyoishia ukingoni. Kanuni haibadiliki.

Sehemu inayodai subira zaidi ni maisha ya kila siku. Mwandishi anapaswa kujua muhula unavyokwenda: wiki ya usajili yenye foleni zisizosonga, kugawana vitanda na kumficha rafiki aliyekosa nafasi hosteli, siku ambayo mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, unaingia na vibanda vya chapati na madondo vinajaa hadi usiku, kampeni za uongozi wa wanafunzi, majaribio ya katikati ya muhula, karatasi ya mahudhurio inayozungushwa darasani na mtu mmoja kumtilia mwenzake sahihi. Lazima ajue pia namna msiba unavyopokelewa. Mwanafunzi akifariki, wenzake huchanga, huomba basi la chuo, na kumsindikiza hadi kwao. Ukiyapuuza haya kwa haraka ya kufikia kitisho, utakuwa na mzimu asiye na mtu wa kumtisha.

Sasa ndipo unapochagua jambo lako la ajabu, na ninasisitiza liwe moja, lenye sheria inayoweza kuandikwa kwa sentensi moja. Sheria ya Got Otieno ni hii: kila muhula jina moja huongezeka kwenye karatasi ya mahudhurio, na alama za mwanafunzi mmoja aliye hai hupotea kwa ajili yake. Nimeichagua kwa sababu alama kupotea ni shida ambayo mwanafunzi yeyote wa chuo kikuu nchini anaielewa. Amezunguka ofisi akitafuta matokeo ya mtihani alioufanya, ameambiwa arudi kesho, ameanza kujiuliza kama kweli aliufanya. Hofu hiyo ipo tayari. Hadithi inaisogeza hatua moja tu.

Sheria peke yake haitoshi, inahitaji chanzo, na hapa masimulizi ya kale ya kanda hii yanafundisha vizuri. Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay, linasimuliwa kuwa lilikuwa kijiji. Bibi kizee alifika usiku wa sherehe akiomba hifadhi, akafukuzwa, na maji yakakimeza kijiji chote. Usiinakili hadithi hiyo. Angalia jinsi inavyofanya kazi: kuna mlango, kuna mtu aliyekataliwa, na kuna jamii nzima inayolipa deni la ukatili wa wachache. Uliza basi ni nani aliyekataliwa mlangoni katika chuo chako. Katika chuo changu ni mwanafunzi aliyezuiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya salio la karo, akaondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu, asionekane tena. Anayerudi kwenye karatasi ya mahudhurio hatafuti kulipiza kisasi. Anataka kumaliza masomo yake. Nadhani hilo linatisha kuliko kisasi, kwa sababu msomaji anaona kwamba ana haki.

Mtu wa kwanza kuligundua jambo asiwe mhusika mkuu, bali mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu: karani wa idara, dereva wa basi, mpishi anayepima unga. Ugunduzi uje kwa mazungumzo ya kawaida, kama haya:

"Mama, samahani kwa kukurudia," Achieng akasema. "Mwenzangu hana alama za somo hili, na mtihani aliufanya. Alikuwa ameketi mbele yangu."

"Nyathina, orodha ina majina arobaini na moja na alama arobaini na moja. Hakuna aliyekosa."

"Darasa letu lina watu arobaini na mmoja, mama, na yeye ni mmoja wao."

Karani akahesabu kwa kidole hadi chini ya ukurasa, kisha akaanza tena kutoka juu.

Katika kifungu hicho hakuna aliyepiga kelele wala taa iliyozimika. Mwanafunzi anaongea kwa heshima ya mtoto kwa mzazi, karani anamjibu kama mwanawe kwa kumwita nyathina, yaani "mwanangu" kwa Kiluo, na msomaji anafanya hesabu mwenyewe. Zingatia miito hiyo katika kitabu chote: mhadhiri ni daktari au profesa, mlinzi ni soja au mzee kulingana na umri wake, wanafunzi wenyewe huitana komredi. Mhusika anayekosea miito hugeuka kuwa mgeni, na wakati mwingine hilo ndilo unalolihitaji. Yule wa ziada aweza kutumia miito ya miaka iliyopita.

Kuhusu imani za wenyeji, nenda kwa uangalifu. Wanakijiji watataja wanga. Waluo watamtaja jajuok, mtu anayesemekana kukimbia usiku na kurusha mawe kwenye mabati. Wahusika wako wana haki ya kuyaeleza matukio ya chuo kwa njia hiyo, na wengine wayakatae kwa imani ya kanisa au kwa sayansi, lakini usimfanye mzee wa kijiji jirani kuwa chanzo cha uovu kwa sababu tu yeye ni mwanakijiji na wahusika wako ni wasomi. Kosa katika hadithi hii lilitendeka ofisini, kwa muhuri.

Epuka kueleza kila kitu. Sheria yako ujue wewe kikamilifu, iandike na uibandike mbele ya meza yako, kisha mhusika aifahamu robo tatu yake tu. Ukiandika sura na kuona kwamba umevunja sheria yako ili kupata tukio la kusisimua, ifute sura, siyo sheria.

Kwa mpangilio wa wakati, tumia muhula mmoja. Wiki za mwanzo ziwe za usajili na vicheko, jina la ziada lionekane kabla ya majaribio, alama zikosekane baada ya mtihani, na mvutano wa mwisho utokee katika kikao cha kuidhinisha orodha ya mahafali, ambapo watu wazima wenye shahada wanapaswa kuamua kama watalitia sahihi jina ambalo wote wanajua ni la nani. Nisingeandika sherehe ya mahafali yenyewe. Uamuzi wa kikao ukishapatikana, na msomaji akajua ni nani aliyeinua mkono na ni nani aliyetazama chini, kazi ya hadithi imekwisha.