Ukienda kuona michoro ya Kolo, fanya hivi usiiharibu

Jamani mnaopanga kupanda Kolo likizo hii, someni hapa kwanza. Michoro ya kale ya mwambani ya Kondoa, ikiwemo hii ya Kolo, ipo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, imesambaa kwenye mapango zaidi ya 150, na wengi wanaoiharibu wala hawajui kama wanaharibu, hicho ndo kinaniuma.

Anzia ofisini pale Kolo, ni njia hiyohiyo ya Dodoma kwenda Babati, lipia kibali upewe mtu wa kukuongoza. Usipande na bodaboda tu kisa anaijua njia.

Ukifika Mungomi, pango lenye michoro huko juu Kolo, kitu cha kwanza ni maji. Mtu anaona mnyama kafifia, anachukua chupa anamwagia ili picha itoke vizuri kwenye simu, na kweli rangi inawaka muda huohuo. Ila yale maji yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye jiwe, yakikauka chumvi inabaki juu kama utando mweupe, akija mwingine akamwagia tena utando unazidi, mwisho wa siku mchoro umezibwa na hakuna wa kuufungua. Maji ni ya kunywa. Picha ikitoka hafifu zima flashi, tulia, piga kawaida halafu ongeza rangi kwenye simu ukiwa nyumbani.

Mikono nayo. Wale watu waliochorwa warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu kila mtu anataka kuwapitishia kidole, na jasho la vidole lina mafuta. Simama hatua mbili nyuma, na begi la mgongoni livue kabisa maana ukigeuka tu linasugua mwamba.

Ukisikia habari za hazina ya Mjerumani, yaani mali inayosemekana Wajerumani waliificha huko, achana nazo. Watu wamechimba mpaka chini ya michoro wakitafuta hiyo mali, wanavuruga udongo wenye mabaki ya kale na vumbi lote linaenda kukaa ukutani.

Sasa ukikuta tayari mtu kaandika. Kuna siku nilikuta jina na mwaka kwa mkaa, shubiri moja tu kutoka kwenye mchoro mwekundu, mwenzetu akatoa leso afute nikamdaka mkono. Usifute! Ukisugua unausukuma mkaa ndani ya jiwe na rangi ya zamani inaweza kutoka nao. Piga picha mbili, ya karibu na ya mbali ionekane ni pango gani, kumbuka siku na saa, kawaoneshe ofisini ukishuka.

Ukimfuma anaandika, usianze kwa matusi wala kumrekodi. "Samahani kaka, hapo panalindwa kisheria, tuache tu," wengi wanaacha. Akikaza, mwite mwongozaji, Sheria ya Mambo ya Kale ipo toka 1964 na yeye anajua pa kuanzia.

Halafu Mungomi watu bado wanaenda kuomba mvua, ukikuta vitu vya tambiko usivisogeze na usiwabishie wazee, hayo waongee wao na ofisi.

Walimu mnaoleta wanafunzi, kabla hamjapanda kusanyeni maka peni, chaki na visu vya kuchongea penseli, wekeni kwenye mfuko mmoja ubaki kwenye gari, mtawarudishia wakishuka.