Influenza Ikiingia Makao ya Wazee: Hatua za Kuchukua Tangu Mgonjwa wa Kwanza

Mwenye influenza (homa kali ya mafua) huanza kusambaza virusi siku moja hivi kabla ya kuugua, na aliyeambukizwa huonyesha dalili baada ya siku 1 hadi 4. Ukimwona mgonjwa wa pili, jua wapo wengine ambao bado wanaonekana wazima. Kusubiri ndiko kunakoua.

1. Tambua mapema. Wakazi 2 wakiugua ndani ya saa 72, na kipimo cha angalau mmoja kikathibitisha influenza, huo ni mlipuko. Usingoje homa kali. Mzee anaweza kuugua bila homa kabisa: anachanganyikiwa ghafla, anakataa chakula, anaanguka. Joto la mdomoni likizidi nyuzi 37.8, au likipanda zaidi ya 1.1 juu ya kawaida yake, mshuku. Kwa hiyo joto la kila mkazi liwe limeandikwa tangu akiwa mzima.

2. Pima. Chukua sampuli ya pua kwa kila mwenye dalili, hata moja tu, na utumie PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi) ikipatikana. Vipimo vya haraka vya antijeni (protini za virusi) hukosa wagonjwa wengi, basi jibu hasi lisikutulize. Pima na UVIKO-19 pia. Kwa macho huwezi kuitofautisha na influenza.

3. Tenga. Mgonjwa abaki chumbani siku 7 tangu dalili zianze, au hadi saa 24 zipite tangu homa na dalili za kifua zilipoisha; fuata muda ulio mrefu zaidi. Vyumba visipotosha, waliothibitishwa kuwa na influenza walale pamoja. Ikishindikana, tenganisha vitanda kwa mita 2 na pazia katikati. Aliyekuwa chumba kimoja na mgonjwa asihamishiwe kwa wazima, hata kama hakohoi. Mhudumu avae barakoa kabla ya kuingia na anawe mikono akitoka.

4. Toa dawa siku hiyohiyo. Hapa ndipo vituo vingi hukwama. Mgonjwa aanze oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya influenza, miligramu 75 mara 2 kwa siku, siku 5, bila kungoja majibu ya maabara. Ndani ya saa 48 tangu dalili zianze ni bora zaidi, lakini aliyechelewa naye apewe.

Mlipuko ukithibitishwa, wakazi wote wasio na dalili wapewe dawa ya kinga, waliochanjwa na wasiochanjwa: oseltamivir hiyohiyo, miligramu 75 mara 1 kwa siku, kwa wiki 2 au zaidi, mpaka siku 7 zipite tangu mgonjwa wa mwisho apatikane. Kuwapa majirani wa mgonjwa peke yao huacha virusi vizunguke kwingine.

Angalia figo. Uchujaji wa damu kwenye figo ukiwa mililita 30 hadi 60 kwa dakika, dozi hushuka hadi miligramu 30: mara 2 kwa siku kwa tiba, mara 1 kwa siku kwa kinga. Chini ya 30 hupunguzwa zaidi, daktari aamue. Vipimo vya figo na idhini za daktari viandaliwe kabla ya msimu. Kuvitafuta katikati ya mlipuko hula siku nzima.

Aliye kwenye kinga akiugua, mpime na umbadilishie dozi ya tiba. Kumwacha kwenye dozi ya kinga ni kosa baya.

5. Wahudumu. Anayeumwa arudi nyumbani hadi saa 24 zipite bila homa na bila dawa za kuishusha. Asikatwe mshahara; anayeogopa kukatwa atakuja kazini akikohoa. Mhudumu wa wodi yenye wagonjwa asizunguke wodi nyingine. Ambao hawajachanjwa wachanjwe, ila kinga huchukua takriban wiki 2 kujengeka, kwa hiyo fikiria kuwapa nao dawa ya kinga.

6. Usafi. Vitasa, reli za vitanda na meza: mililita 20 za klorini ya asilimia 5 katika mililita 980 za maji. Tengeneza upya kila siku, wala usichanganye na dawa nyingine.

7. Fuatilia. Kila siku andika jina, chumba, siku ya dalili, jibu la kipimo na dozi, hadi siku 7 zipite bila mgonjwa mpya. Mkazi akiugua zaidi ya saa 72 baada ya kuanza kinga, hakikisha anameza dawa kweli, pima virusi vingine, kisha iulize maabara kuhusu usugu wa dawa.