Kufundisha joto la mwili kwa muhogo na pilipili

Neno "haipothalamasi", yaani sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu hapa Tanga wanalikariri bila shida. Ukiwauliza inafanya kazi gani, darasa zima kimya. Siku hizi siliandiki ubaoni mpaka mwisho.

Hatua ya 1. Pata mwanafunzi wa kujitolea, asiwe na pumu wala vidonda vya tumbo. Mketishe kivulini dakika 10, mpime joto kwapani, andika namba. Mdomoni usipime, muhogo wa moto utakuharibia kipimo.

Hatua ya 2. Mpe muhogo wa kukaanga uliopakwa pilipili, kama wanavyouuza Raskazone. Kinachowasha ni kapsaisini. Kemikali hii hufungua mlango wa neva uleule unaofunguliwa na joto la nyuzi 43 na kuendelea. David Julius, Mmarekani, aliutambua mlango huo mwaka 1997, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel. Neva haijui kutofautisha pilipili na kaa la moto. Inachopeleka ubongoni ni kilio kimoja tu: naungua!

Hatua ya 3. Mtazameni usoni, msiseme kitu. Kwanza vitone juu ya mdomo, halafu puani, halafu paji la uso linang'aa. Ubongo umeambiwa kuna moto, nao umeanza kuupooza mwili. Panya wa maabara wakidungwa kapsaisini, joto lao hushuka kweli. Kwa unyevu wetu wa pwani jasho halikauki upesi, na jasho lisilokauka halipoozi, fungua madirisha.

Maziwa yawe mezani tangu mwanzo. Mara ya kwanza mimi nilimpa kijana maji, akazidi kuhema, maana kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, si majini. Kisha akajifuta jicho kwa kidole kilekile. Kipindi kikaishia bombani.

Hatua ya 4. Pima kwapani tena. Kwa kawaida namba haijapanda. Hapo kaa pembeni wabishane.

Hatua ya 5. Wape wote peremende, wavute pumzi kwa mdomo. Mentoli iliyomo kwenye peremende hugusa mlango wa neva wa ubaridi, kwa hiyo hewa ileile ya darasani inageuka baridi.

Mwaka huu binti mmoja wa nyuma aliuliza, "Mwalimu, kama mwili haukupata joto, nani kaagiza jasho?" Nikachukua chaki.