Kabla hamjaenda Mikindani na Don Williams wenu

Msije Mtwara mkitegemea baa itakayowapigia kantri, ule muziki wa gitaa wa Marekani, Jumamosi usiku. Nairobi wana mwimbaji wao wa kantri, Sir Elvis, na mashabiki wake wa kofia pana. Huku kusini Jumamosi ni singeli na amapiano, na mkibahatika, rumba ya zamani. Mume na mke wanaotaka wikiendi ya Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams wanakuja na muziki wao wenyewe, na maandalizi yao mengi yako hapo. Bahari, samaki na kitanda mtavikuta.

Pakueni nyimbo mkiwa bado nyumbani, tena kwenye simu mbili. Simu moja haitoshi: hiyo hiyo ndiyo itakayopiga picha, itakayopokea maswali ya bibi aliyeachiwa watoto, na itakayozima saa mbili usiku wimbo ukiwa katikati. Spika ndogo ya kuchaji inatosha kabisa kwa watu wawili. Ichajini kabla ya kutoka, muiweke kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa, maana mchanga wa pwani hii ni laini kama unga. Ukishaingia kwenye vitundu vya spika, sauti nzito ya Don Williams inaanza kukwaruza, na hakuna kukung'uta kutakakoutoa wote. Kama mnakuja kati ya Juni na Septemba, kumbukeni kusi linavuma. Ufukweni upepo unabeba muziki wote, mnabaki kusikia besi tu. Tafuteni kibaraza chenye ukuta upande wa upepo, na shuka moja zaidi ya mlizozoea, kwa sababu jioni kunakuwa na baridi ambayo watu wa Dar hawaitarajii.

Orodha ya nyimbo ichagueni pamoja, na hapa msifanye haraka. Mara nyingi mmoja ndiye mpenzi wa kantri, mwingine anamsindikiza. Kantri ni muziki wa visa: mlevi anayejuta, mama aliyefariki, mke aliyechoka, treni inayoondoka na mtu. Ukiufululiza kwa muda wa saa sita, mwenzako atakuomba mrudi nyumbani. Changanyeni huzuni na nyimbo za kucheza mkiwa mmeshikana, na za Kiingereza kigumu cha kusini mwa Marekani mwelezane kisa kabla haujaanza. Tena sikilizeni maneno, msidanganywe na sauti tamu. Ule wimbo wa Dolly Parton wa 1974, I Will Always Love You, ambao Whitney Houston aliuimba upya mwaka 1992 na ukawa wimbo wa harusi kila kona, ni wimbo wa kuaga. Dolly aliutunga alipokuwa anaachana kikazi na Porter Wagoner, aliyekuwa akiimba naye. Kuucheza mnaweza, ila jueni mnacheza kwaheri.

Na kama mwenzako anasema huo ni muziki wa wazungu, una la kumjibu. Banjo, ile ala inayolia juu juu kwenye kantri ya zamani, ina asili yake kwa Waafrika waliopelekwa Amerika utumwani. Hapa jirani, Wakipsigis wa Kenya walimsikia Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa zamani wa Marekani, kwenye santuri wakampenda hadi wakamtungia wimbo kwa lugha yao, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, akaurekodi mwaka 1950. Don Williams mwenyewe alikuja kupiga Zimbabwe mwaka 1997. Mazungumzo haya yanafaa sana garini, barabara ikiwa ndefu.

Nayo ni ndefu. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 550, na basi litakula siku yenu nzima kwenda na nyingine kurudi, kwa hiyo wa Dar ama wapande ndege Ijumaa, ama waongeze siku za likizo. Hii ni wikiendi ya watu wa Lindi, walio kilomita mia moja na ushei, wa Masasi, Newala na Nachingwea, na ya watu wa Mtwara wenyewe ambao hawajawahi kulala Mikindani kwa sababu wanaiona kila siku.

Mikindani ndiyo ningeichagua mimi. Iko kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, bajaji inafika, na mji wenyewe ni mkongwe na mtulivu, wenye nyumba za mawe na Boma la Wajerumani la 1895, ambalo sasa ni hoteli. Lakini utulivu huo una wenyewe. Nyumba zimekaribiana, msikiti uko jirani, na sauti ya spika hupanda ukutani ikaingia kwa watu. Mkipiga simu kuulizia chumba, semeni mapema kwamba mtapiga muziki kibarazani, na muulize mwisho wake ni saa ngapi. Adhana ikianza, zimeni, msipunguze tu. Kaptula fupi na nguo za kuogelea ziishie ufukweni, mtaani bibie awe na kanga begani. Na kama ni Ramadhani, mchana msitarajie kukuta migahawa wazi wala msikae kula hadharani.

Wanaotaka kupiga muziki bila jirani waende Msimbati kwa siku moja, kama kilomita 45 kutoka Mtwara. Huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo kuna kiingilio: ulizeni kiwango na namna ya kulipa kabla ya kutoka mjini, msifike getini na noti mkononi mkaanza kubishana. Gari dogo litazama mchangani, tafuteni lenye uwezo wa kuvuta magurudumu yote. Wapo wanaopita ufukweni kwenda Ruvula, mbele ya Msimbati, maji yakiwa yamekupwa, na hapo ndipo hesabu ya mwezi inapohitajika. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo bahari huwa na bamvua. Maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na yanajaa kabisa alasiri, mnamo saa kumi. Ukipita asubuhi ukaamua kurudi njia hiyo hiyo saa tisa na nusu, gari litalala hapo. Muulizeni mvuvi, anajua vizuri kuliko simu.

Pamoja na hayo, wikiendi ya mwezi mpevu ndiyo ya kuiwahi: mwanga wa bure, na bahari bado imejaa jioni mnapoanza kufungulia muziki. Epukeni masika makali, Machi na Aprili, isipokuwa kama mnapenda kusikiliza gitaa na bati kwa pamoja. Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho. Wanunuzi na madereva wa malori hujaa nyumba za wageni, na chumba ulichoahidiwa kwa mdomo kinaweza kupewa mwingine. Lipeni nusu kabla, mtunze ujumbe wa muamala. Vitambulisho mbebe vyote viwili, kwa sababu kitabu cha wageni kitawataka wote.

Chakula hakisumbui. Pweza wa kuchoma aliyekatwa vipande vidogo, chumvi, ndimu na pilipili, huliwa kwa kijiti mkiwa mmesimama. Mkikuta ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, imechemshwa barabarani, nunueni ya kutosha, menyeni kwa kidole gumba mle na chumvi. Ni kazi ya mikono miwili, kwa hiyo anayemenya hashiki simu, na mwenzake anapata nafasi ya kuchagua nyimbo.

Kama mnataka kusikia nyuzi zenyewe badala ya spika, tafuteni mpiga gitaa wa kwaya. Mtwara, Masasi na Ndanda hawakosekani, na vijana hao hushika nyimbo za kantri haraka, maana nyingi hazina mambo mengi. Mtumieni nyimbo tatu siku nne kabla, si kumi. Aje na gitaa kavu, apige kwa muda wa saa moja, na bei mkubaliane kabla hajapanda bajaji, pamoja na nauli ya kumrudisha usiku.