Jinsi ya kuchagua kati ya mix, blend, combine, merge na wenzao bila kubahatisha

Wengi tunaojifunza Kiingereza tukitaka kusema kuchanganya tunashika mix, tukitaka kusema kuunganisha tunashika join, basi, tumemaliza. Unaeleweka kweli, ila sentensi inakukaa kama nguo ya kuazima. Nimekuwa natafsiri makaratasi ya watu muda mrefu sasa, mapishi, mikataba, barua za kazi, na hili ndo eneo ambalo naona watu wanateleza kila siku, hata wenye Kiingereza kizuri tu.

Kinachotuponza ni kwamba sisi tuna mzizi mmoja tunaubadilisha mkia: unga, ungana, unganisha, unganika, ungwa. Mwingereza hana mikia hiyo, yeye anabadilisha neno zima, na kila neno limebeba picha yake. Kwa hiyo usianze kutafuta neno, anza na picha. Jiulize: vitu vikishakuwa pamoja, bado naweza kuvitenganisha au kimoja kimeshapotea?

Chukua makande. Mahindi na maharage yako sufuria moja lakini ukitaka kuokota harage unaliokota, hiyo ni mix. Sasa tia parachichi na pasheni kwenye blenda, ukiwasha hakuna tena wa kuokota kitu humo, hiyo ni blend. Ila blend siyo lazima mashine, inataka tu matokeo yawe laini, yawe kitu kimoja kwenye ulimi au kwenye macho. Ndo maana wauza kahawa wakichukua Arabika ya Kilimanjaro na Robusta ya Kagera wanasema blend, hata kama punje ukizitazama ni mbili tofauti, manake wanachotafuta ni ladha moja kikombeni. Na zege je? Mix. Saruji, mchanga, kokoto, maji, fundi anachanganya kwa koleo, na hata likikauka kokoto unaziona.

Stir watu wanaichanganya sana na mix. Stir ni mkono tu, ni kukoroga, kijiko kinazunguka. Chai isiyo na sukari unaweza kuistir ipoe, hujachanganya chochote. Mix ni matokeo. Sukari ikiyeyuka humo ndani hapo ni dissolve. Whisk na beat ni kupiga kwa nguvu uingize hewa, kama mayai, knead ni kukanda unga wa chapati, dilute ni kuzimua. Hizo haziumizi kichwa.

Inayoumiza ni fold. Shangazi yangu anapika keki za oda, siku moja akaniletea maelekezo ya keki ya Kiingereza nimtafsirie, mle ndani imeandikwa fold the egg whites into the batter, mimi nikaandika changanya ute wa mayai na ule mchanganyiko, nikaona nimemaliza. Naye akafanya kama nilivyomwandikia, kashika mwiko kakoroga kwa nguvu zake zote, ule ute aliokuwa ameupiga ukafura kama povu la sabuni ukalala chini palepale, keki ikatoka nzito, katikati imebonyea, na oda ilikuwa ya kesho yake asubuhi. Iliniuma sana. Tukarudia usiku uleule: unatia ute kidogokidogo, unachota kwa mwiko kutoka chini ya bakuli, unageuza juu taratibu kama unamfunika mtoto shuka, unazungusha bakuli kidogo, unachota tena, na ukiona michirizi myeupe imeisha unaacha hapohapo. Fold ni hivyo, ni kuchanganya bila kuua hewa. Kwa hiyo kwenye mapishi usiandike changanya peke yake, andika changanya kwa kugeuza taratibu, usikoroge, sentensi iwe ndefu lakini keki ya mtu ipone.

Tutoke jikoni. Combine ukitaka kuielewa kumbuka kombi za kidato cha tano, yale masomo matatumatatu mwanafunzi anayosoma pamoja, kama PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Fizikia haijageuka kuwa kemia, kila somo lina mwalimu wake na mtihani wake, ila yamewekwa pamoja kwa lengo moja. Combine ni hiyo, vitu vinabaki vyenyewe lakini vinafanya kazi pamoja. Mtu anaweza kucombine kazi na masomo, hawezi kuvimix namna hiyohiyo, na ukiandika kwenye barua ya kazi I mix work and study msomaji anaona kama mambo yako yamevurugika.

Hapa kwenye unite na merge ndo nataka utulie, manake Kiswahili kinatumia kuungana kwa zote mbili na mifano tunayo nyumbani. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na kwa Kiingereza ni united, jina lenyewe la nchi ni United Republic. Zanzibar ina rais wake na serikali yake mpaka leo, haijayeyuka. Halafu tarehe 5 Februari 1977 vyama vya siasa vya TANU na ASP vikaungana ikazaliwa CCM, na hapo neno linalofaa ni merged, kwa sababu baada ya siku ile hakuna tena TANU wala ASP. Unaona? Kuungana kulekule kwa Kiswahili, lakini pa kwanza Zanzibar imebaki na nafsi yake ndani ya muungano, pa pili wote wawili wanaisha anazaliwa mwingine. Unite pia ina moyo ndani yake, inataka wenye nia, ndo maana watu wanaunite ila faili mbili za kompyuta huwezi kuziunite, hizo unazimerge.

Amalgamate ni neno la makaratasi ya kisheria, lina maana ya karibu na merge. Picha yake wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Chunya wanaijua vizuri kuliko wanasheria: zebaki ikikutana na vumbi la dhahabu inaidaka, vinakuwa donge moja la kijivu, na donge hilo ndo amalgam. Kuvitenganisha mpaka uchome moto, na moshi wake ni sumu, kwa hiyo tafadhali usiuvute. Fuse nayo ina joto ndani yake, vitu vimeyeyukiana.

Upande wa kuunganisha bila kuchanganya, angalia nini kinapita. Connect inataka kitu kipite kati: umeme, maji, intaneti, mazungumzo. Attach ni kidogo kushikizwa kwenye kikubwa, kama faili kwenye barua pepe. Join ni ncha mbili kukutana, mabomba mawili au mbao mbili. Link ni uhusiano, mara nyingi wa kichwani tu, kwa mfano sigara na saratani ni linked, hakuna aliyezifunga kamba. Kuchomelea ni weld na kulehemu ni solder, hapo mafundi wetu wana maneno yao kamili na hakuna shida.

Halafu tazama kile kineno kinachofuata, kinakusaidia sana. Ukiona with, vitu viko sawa kwa sawa, A with B. Ukiona to, kimoja kimesimama kingine kinakifuata, attach A to B. Ukiona into, kimoja kinamezwa. Niliwahi kupewa mkataba umeandikwa Company A shall merge into Company B, nikaandika kampuni hizi mbili zitaungana, mwanasheria akanirudishia kwa sababu kampuni A inakufa, B inabaki na madeni yote, na mimi nilikuwa nimewaonyesha kama bwana na bibi harusi. Sasa naandika kampuni A itaingizwa ndani ya kampuni B na itakoma kuwepo.

Kuna na zile ambazo ukizihamisha zilivyo unapotea kabisa. Amenichanganya siyo he mixed me, ni he confused me. Gari limechanganya ni limeshika mwendo, it picked up speed. Kuunga mkono ni support. Mchicha wa kuunga kwa nazi usiujoin na nazi, sema cooked in coconut milk. Kujiunga na chuo ni join the college, bila to hapo katikati, lakini ukijiunga bando usiseme I joined a bundle, sema I bought a data bundle.