Somo: Maji ya mafuriko yametoka, nyumba isafishwe vipi?

Masika yakikolea na mitaro imeziba taka, watu wa Kisauni na Likoni, Mombasa, wanajua maji huishia wapi. Yakifika sebuleni yameshapita kwenye vyoo vya shimo na makaro. Kwa hiyo sakafu kukauka si kusema nyumba imekuwa salama.

1. Umeme. Zima meni swichi ikiwa unaifikia pasipo kukanyaga maji. Ikiwa huifikii, kaa nje, piga simu Kenya Power. Soketi zilizozama zisitumike hadi fundi wa umeme azikague, hata zikionekana kavu.

2. Vaa gambuti na glavu. Funika kila kidonda: maji yenye mkojo wa panya huambukiza leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria. Watoto wabaki kwa jirani.

3. Zoa tope likingali bichi. Likikauka hushika, kisha huwa vumbi la kuvutwa puani.

4. Sabuni kwanza, jiki baadaye. Nawaomba mlishike hili. Wengi humwaga jiki juu ya tope, harufu ikatanda, wakaridhika. Klorini iliyomo kwenye jiki huishia kwenye uchafu kabla ya kufikia vijidudu. Fedha imekwenda na maradhi yamebaki. Sugua kwa maji safi na sabuni, suuza, ndipo utie kikombe kimoja cha jiki (robo lita hivi) kwenye ndoo ya lita 10. Pakaza, iache dakika 10. Milango iwe wazi. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo wala amonia, kwani hutoa gesi ya sumu.

5. Kausha. Kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, na kuta za mawe ya matumbawe hunyonya maji mengi. Sogeza makabati mbali na ukuta, fungua madirisha mchana kutwa. Usipake rangi ukuta ukiwa bado na unyevu.

Maswali ya wanachama

*Assalaam alaykum. Godoro la sponji nikilianika juani wiki nzima, litafaa?*

Waalaykum salaam dada. Najua bei ya godoro, lakini litupe. Jua hukausha juu tu, na maji taka yameingia hadi kati. Mashuka na nguo zitapona: fua kwa maji moto na sabuni.

*Kisima chetu kilifunikwa na maji. Tukichemsha yatanyweka?*

Kuchemsha huua vijidudu, vikiwemo vya kipindupindu, ila hakuondoi mafuta ya gari wala kemikali. Tafuteni maji mengine kwanza. Kisima kitolewe maji, kitiwe klorini, na maji yapimwe kabla ya kunywa.

*Na unga uliokuwa juu ya kabati?*

Ikiwa maji hayakuufikia, tumia. Mfuko ukiwa umelowa hata pembeni, tupa wote. Makopo mazima, yasiyobonyea wala kuvimba, yaoshe kwa sabuni kisha kwa maji ya jiki kabla ya kuyafungua.