Somo: Kutoa barua za ada za PDF moja kwa moja kutoka Access

Wakuu, kila mwisho wa muhula kuna mhasibu wa shule mahali anakopi jina, anapesti kwenye Word, anabadilisha salio, anaanza upya. Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, inaifanya kazi hiyo yenyewe, Word hata huifungui.

1. Tengeneza kweri (query, yaani orodha inayochujwa kutoka kwenye majedwali), iite Wadaiwa: ID, jina, namba ya mwanafunzi, salio. Weka sharti Salio > 0. Ukilisahau, aliyemaliza ada naye atadaiwa, na simu ya mzazi wake utaipokea wewe.

2. Juu ya kweri hiyo jenga ripoti BaruaAda. Hiyo ndiyo karatasi yenyewe, na nembo na nafasi ya sahihi. Kwenye kisanduku cha salio andika =Format([Salio],"#,##0") mzazi asome 450,000.

3. Weka kitufe kwenye fomu, nyuma yake kodi hii (maagizo ya VBA):

Dim rs As DAO.Recordset
Set rs = CurrentDb.OpenRecordset("Wadaiwa")
Do Until rs.EOF
DoCmd.OpenReport "BaruaAda", acViewPreview, , "ID=" & rs!ID, acHidden
DoCmd.OutputTo acOutputReport, "BaruaAda", acFormatPDF, "C:\Barua\" & Replace(rs!Namba, "/", "-") & ".pdf"
DoCmd.Close acReport, "BaruaAda"
rs.MoveNext
Loop

Mstari wa Close usiuguse. OutputTo, inayotoa PDF, haina pa kuweka mchujo wa mtoto yupi, inachukua ripoti iliyo wazi kama ilivyo. Mara ya kwanza niliusahau: PDF mia tatu na ushee, kila faili na jina lake, ndani barua zote za mtoto mmoja! Bahati nilichungulia mbili tatu kabla ya kuprinti.

Replace ni kwa ajili ya namba kama S0123/0045. Windows haitaki mkwaju kwenye jina la faili.

MASWALI

– Mkuu, kwangu inagoma kwenye OutputTo.
Folda C:\Barua umeiunda? Access haikuundii. Kama ipo, angalia usiwe umeiacha wazi PDF ya zamani yenye jina hilohilo.

– Ofisini bado tuna Access 2007.
Weka Service Pack 2, PDF imo humo. Kuanzia 2010 huhitaji kuongeza kitu.

– Haiwezi kwenda kwa barua pepe moja kwa moja?
Inaweza, weka DoCmd.SendObject badala ya OutputTo, mradi kompyuta ina Outlook iliyosetiwa. Mimi nilijaribu, wazazi wenye barua pepe walikuwa wanne. Tukarudi kwenye karatasi.